Mzigo wa Mama Samaki

Mimea iliyosafiri siku tatu ndani ya boksi hufika imechoka, majani yamelala, mengine yamegeuka rangi ya chai. Hii ilifika imesimama. Fundi alipolifungua boksi juu ya meza ya jikoni, vifuko vitano vya plastiki vilikuwa vimejaa majani mabichi kama yaliyochumwa saa ileile, na maji yaliyofungiwa humo yalikuwa na uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Aliliona hilo. Akajiambia ni jua la barabarani, akaendelea na shughuli yake.

Alikuwa fundi wa vioo, mtu wa mikono minene na maneno machache, na hata mkewe alimwita Fundi. Tangi la samaki lililokuwa sebuleni alilitengeneza mwenyewe: vioo vitano, gundi ya silikoni, na wiki nzima ya kubishana na binti yake aliyesimama nyuma yake akimwelekeza utadhani yeye ndiye mwenye karakana.

"Mzee, hapo umepinda."

"Hapajapinda."

"Lete rula basi tuone nani mkweli."

Ikaletwa rula, na kweli palikuwa pamepinda. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo usiojua likizo. Samaki wake aliwapenda kiasi kwamba kwenye duka la mtandaoni alikonunua mimea ya tangi alijiandikisha kwa jina la Mama Samaki. Nyumbani wakalidaka jina hilo kwa kumtania, likamganda.

Miezi minne kabla ya boksi kufika, Mama Samaki alishikwa na homa. Akalala nayo siku tisa, na siku ya kumi akafa. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Baada ya watu kutawanyika nyumba ikanyamaza, na mimea ya tangi ikaanza kuoza mmoja baada ya mwingine, maana mwenye kujua kuitunza alikuwa ameondoka. Fundi akaona bustani ya mwanawe inamfia mikononi kama alivyomfia mwenyewe. Hilo hakuliweza. Akaichukua simu ya binti yake, ambayo mkewe aliichaji kila siku bila kusema kwa nini, akafungua lile duka. Kikapuni mlikuwa na mimea mitano ambayo Mama Samaki aliichagua wiki moja kabla ya kuugua, akaiacha bila kuiagiza. Fundi akabonyeza kuagiza. Kisha akakaa sakafuni akalia mpaka mbavu zikamuuma.

Kosa lenyewe alilifanya getini, siku mzigo ulipokuja.

"Kwa Mama Samaki ni hapa?" aliuliza mleta mizigo, akiwa bado juu ya pikipiki.

"Ni hapa."

"Mwenyewe yupo? Hawa wa dukani wanataka apokee mwenye jina."

Swali la kawaida tu. Lakini kwa miezi minne Fundi hakuwahi kulitamka lile neno la kufa. Chuoni aliwaambia hatarudi muhula huu. Wateja waliomuulizia aliwaambia amesafiri.

"Yupo ndani," alisema. "Amelala."

"Basi mpokelee wewe." Mleta mizigo akamnyooshea simu, na Fundi akaandika kwa kidole sahihi ya mwanawe, ile yenye kimkia mwishoni. Alishukuriwa, akaingia ndani na boksi lake, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kusema "yupo" kulikuwa kutamu. Hakujua kama kuna aliyesikia.

Mengine yote aliyafanya kwa kanuni za Mama Samaki. Mimea migeni haiingii kwenye tangi siku ileile. Huoshwa, hukaguliwa, hukaa kwenye beseni peke yake siku kumi na nne, ili kama imebeba konokono au ugonjwa ujulikane mapema. Fundi aliigeuza jani kwa jani kwa jicho lile lile linaloona mchubuko kwenye kioo. Hakukuwa na konokono, hakukuwa na mayai, hakukuwa na doa. Siku ya kumi na tano akaipanda mchangani kwa kibano kirefu, akasimama kutazama.

Taa ya tangi ilikuwa na saa yake. Mama Samaki aliitega iwake yenyewe saa kumi alasiri, wakati aliokuwa akirudi chuoni. Siku hiyo taa ilipowaka, Fundi akiwa kwenye kochi na kikombe chake, alisikia kioo kikigongwa. Ti, ti, ti. Mara tatu, kama binti yake alivyokuwa akigonga kwa pete kuwaita samaki waje kula.

Hakukuwa na mtu. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Fundi amefanya kazi na vioo miaka ishirini na minane, na anajua kioo kilichogongwa kwa nje na kilichogongwa kwa ndani. Hiki kiligongwa kwa ndani.

Angekuwa na akili zake angetoka nje. Badala yake akasogea, akaweka kiganja kwenye kioo, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni wewe?"

Jani pana likajikunja, likajikunjua. Na kutoka ndani ya maji ikaja harufu ya mafuta ya nywele, yale ya kopo la kijani ambayo Mama Samaki alikuwa akijipaka mpaka mito yote ya nyumba ikanukia, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya tope la zamani.

Kuanzia hapo Fundi akawa anafunga karakana mapema. Saa kumi ikikaribia yuko mbele ya tangi, akimsimulia mambo ya siku, akimwambia Baba amemkumbuka, asiondoke tena, na siku ya tatu akajibiwa. Sauti ilikuwa yake, ile yenye mkwaruzo kidogo wa asubuhi.

"Baba. Nipo ndani."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nipo ndani. Nimelala."

Samaki walianza kupungua na hakuna mzoga ulioelea. Asubuhi moja mkewe alikuta nyayo za maji zikitoka sebuleni mpaka chumba cha binti yao, ndogo, za miguu mitupu, na godoro la marehemu limelowa katikati kwa umbo la mtu aliyelala ubavu. Alipiga deki, akaanika godoro, akatafuta wa kumlaumu, akakosa. Vidole vya mumewe vikawa vimesinyaa muda wote kama vya mtu aliyetoka kuogelea. Akikohoa, alitema maji yenye majani madogo ya kijani.

"Fundi, una nini?" alimuuliza kwenye kochi, kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu wa tatu. "Niambie mimi."

"Sina kitu."

"Unaongea na nani kila siku?"

Fundi akainuka kutazama saa. Ulikuwa wivu, nao ndio ulioharibu kila kitu, maana aliogopa akisema atalazimika kugawana naye sauti ile.

Ikafika alasiri ambayo mkewe alitoka dukani na mkate chini ya kwapa, akasukuma mlango wa sebule, akamkuta Fundi amepiga magoti kwenye kiti, kichwa chake chote kimo ndani ya maji, mikono imelegea ubavuni, na ile mimea mitano imeinuka kutoka mchangani na kumzunguka shingo polepole kama mtu anayemfunga mtoto skafu, na povu halitoki tena puani, na taa inawaka, na samaki hakuna hata mmoja, na kioo kinagongwa kwa ndani, ti, ti, ti, kwa haraka, kama anayeita chakula. Alimvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Wakaanguka wote sakafuni.

"Nilikuwa namsikiliza," Fundi alisema alipoweza kupumua. "Chini ya maji anasikika vizuri zaidi."

Mkewe akamkumbatia, maji yakimlowesha kifua, akalia. "Nimezika mmoja," alimwambia. "Usinifanye nizike wawili."

Kesho yake akamleta mganga. Alikuwa mwanamke mzee aliyestaafu ualimu, akiitwa Mwalimu mpaka leo, na elimu ya majini aliirithi kwa babu yake pamoja na kisanduku cha ubani. Hakutaka kuona tangi kwanza. Alikaa jikoni, akavaa miwani, akauliza kama anayesahihisha daftari.

"Nani alipokea mzigo?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Ulipokea kwa jina la nani?"

"La binti yangu."

"Mleta mzigo alikuuliza nini, na wewe ukamjibu nini? Nataka maneno yenyewe."

Fundi akayasema. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kuna jini wa maji asiye na nyumba," alisema. "Hutembea na chochote kinachotoka mtoni au kwenye bwawa, hata kiwe kwenye mfuko. Mlango ambao mwenyewe yupo ndani haingii. Wewe ulimwambia mwenye jina amelala ndani, ukatia na sahihi, na aliyelala ndani hayupo. Umempa kitanda kitupu na jina la kulalia. Sasa nikuulize. Huyo anayekujibu, amewahi kukwambia neno ambalo wewe hukumwambia kwanza?"

Fundi akafikiri. Yupo ndani, amelala. Nimekukumbuka. Usiondoke tena. Yote yalikuwa yake mwenyewe, yamerudishwa. Na Mama Samaki alimwita Mzee, hakumwita Baba hata siku moja. Angekuwa yeye, angeshamcheka kwa kupanda mimea mirefu mbele na mifupi nyuma, angeshaomba rula. Huyu alikuwa hajambishia hata mara moja. Hapo ndipo Fundi alipojua, na kujua kulimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi hakuwa amejua bado atakavyomkosa.

"Atoke vipi?" mkewe aliuliza.

"Aliyemwambia yupo, amwambie hayupo. Kwa neno lenyewe. Si amesafiri, si amelala."

Saa kumi taa ikawaka. Ubani ulifuka kwenye chetezo, Mwalimu akawa anasoma kwa sauti ya chini, mkewe ameshika beseni la kuwekea mimea. Fundi akasimama mbele ya tangi alilolijenga.

"Baba. Nipo ndani."

"Hapana," alisema Fundi.

"Nimekukumbuka. Usiondoke tena."

Akafumba macho. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa chumba kizima, na maji yakaanza kupanda ukingoni na kumwagika ingawa hakuna aliyeyagusa, yakamfika vidoleni yakiwa na uvuguvugu uleule wa siku ya kwanza, na sauti ikaita Baba, Baba, Baba, ikiwa ndogo zaidi kila mara, mpaka ikawa ya mtoto wa miaka mitatu anayeogopa giza, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kumwinua.

"Binti yangu amekufa," alisema. "Alikufa Jumanne alfajiri, mimi nimetoka kumtafutia dawa ya homa. Nilichelewa. Hayupo ndani. Mzigo huu hauna mwenyewe."

Mimea ikaanguka palepale na kuwa ute mweusi. Harufu ya mafuta ikakatika, ikabaki ya tope. Mwalimu akashusha pumzi, na ndipo sauti ikaja mara ya mwisho, si kwa Fundi, bali kwa mkewe.

"Usiende, mama."

Beseni likamtoka mikononi. Mama, ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akimwita mtoto wake tangu akiwa mchanga, na hayo ndiyo maneno aliyomwambia alfajiri ile akimshika mkono unaopoa. Jini hakuwa na neno ambalo hakupewa. Fundi akamtazama mkewe, na mkewe akatazama sakafu. Kumbe kila asubuhi, akifagia sebuleni, naye alikuwa na mazungumzo yake mbele ya tangi.

"Ametoka," alisema Mwalimu. "Msimkaribishe tena. Akikaribishwa mara ya pili, hakuna neno litakalomtoa."

Waliumwaga ule ute mbali, wakalikausha tangi, wakalifunika shuka. Fundi akarudi karakanani. Kikohozi kikamwisha, vidole vikanyooka. Mara mbili au tatu aliweza kuwaambia watu, "Binti yangu amefariki," na kila mara neno lilitoka kwa taabu kidogo kuliko mwanzo. Usiku walilisema pamoja, wakalala wameshikana mikono. Simu ya Mama Samaki hakuiona tena mahali pake, akadhani mkewe ameifungia pamoja na nguo za marehemu, hakuuliza.

Wiki ya sita, alasiri, alikuwa karakanani pembeni ya nyumba, akikata kioo cha dirisha la mteja. Alikuwa ameshapitisha almasi ya kukatia mara moja, bado kukivunja, pikipiki iliposimama getini.

"Kwa Mama Samaki ni hapa?"

Akasikia kandambili za mkewe zikivuka ua. Kupitia mlango wa karakana aliona dirisha la sebule, pazia limefunguliwa, na nyuma yake tangi limevuliwa shuka, limejazwa maji hadi juu.

"Ni hapa," alisema mkewe.

"Mwenyewe yupo?"

Mkewe akageuka kutazama dirisha la sebule. Fundi alijua kinachopaswa kusemwa, maana walikuwa wamekisema pamoja, wote wawili, mara nyingi. Akamngoja akiseme.

"Yupo ndani," alisema mkewe, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Amelala."

Fundi akabaki alipokuwa, almasi mkononi, wala hakutoka kwenda kumzuia.