Bunduki ya Upepo Iliyonuka Samli

PAAA!

Debe likalia. Yangeyange wote wakaruka juu kwa pamoja, kama shuka jeupe lililopeperushwa.

Nikaikunja ile bunduki ya upepo ili nitie kidonge kingine. Moshi mwembamba ukatoka kwenye mtutu, ukanipiga puani.

Nikanusa.

Nikanusa tena...

Wanangu, harufu ile niliijua!

Bunduki ile nilikuwa naenda kuinunua kwa hela yangu ya jasho. Kumbe nauziwa mali ya nyumba yangu mwenyewe! Na mwizi alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anakunywa uji wangu, ananiita shemeji...

Ngojeni niwaanzie nyuma kidogo. Msiruke mistari, maana huko mwisho ndiko nilikofinywa mimi.

Mimi kazi yangu ni kuanika dagaa, huku ufukweni Ilemela. Mitumbwi ikishusha asubuhi, namwaga dagaa zangu juu ya wavu, jua lizichome.

Sasa hao ndege! Ukiinama kuokota ufagio, kunguru kashabeba. Ukimfukuza kunguru, mwewe anashuka upande wa pili. Yangeyange ndio hawana hata haraka, wanatembea katikati ya dagaa zako taratibu kama wakaguzi wa mitihani.

Nimefunga kanda za redio zile za zamani. Wamezoea.

Nimesimamisha sanamu, nikaivika koti la marehemu mume wangu. Kunguru akakaa begani, akajisaidia mfukoni!

Jirani yangu Dorcas, anayeanika pembeni yangu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, huyo kakuletea posho yako!"

Nilikasirika, jamani. Mimi watu wananijua kwa uvumilivu. Lakini uvumilivu nao una siku unakaa chini unasema leo nimechoka.

Enzi za mume wangu, Mzee Mayala, hatukuwa na shida hii. Alikuwa na bunduki ya upepo ya kizamani, ya chuma na mti wa kweli, aliyopewa na padri mmoja mzee alipokuwa mlinzi wake. Na kibali chake polisi alikuwa nacho.

Hakuwa anaua ndege. Alitundika debe kwenye mti, akawa analipiga debe. Likilia PAAA, wote juu! Nusu saa hawarudi.

Bunduki hizo ndani yake kuna springi na kijingozi cha mviringo kinachosukuma upepo. Kijingozi kikikauka, upepo unavuja, kidonge kinadondoka hapo mbele kama mate ya mtoto. Watu wengine wanatia oili. Mume wangu, Msukuma wa ng'ombe, alikataa.

"Ngozi imetoka kwa ng'ombe," alisema, "basi inywe mafuta ya ng'ombe."

Akawa anatia samli! Ukiipiga, samli inaungulia humo ndani, moshi unatoka una harufu ya chungu kilichosahaulika jikoni. Nilimgombeza miaka yote. Harufu ile ikikushika mkononi, sabuni haiitoi leo wala kesho.

Mtu mmoja tu alipenda kuipiga kama yeye. Mkwe wangu Renatha, mke wa mwanangu Nestory. Binti wa Kihaya, mpole, lakini shabaha yake... weee! Debe hakulikosa hata mara moja.

Mzee alipougua, alisema mbele yetu sote kitandani:

"Bunduki mtamwachia Renatha. Ndiye mwenye jicho."

Shemeji yangu Ngosha, mdogo wake Mzee, alikuwa amekaa pale mlangoni. Alitema mate nje.

Mzee akafariki. Tukazika.

Siku ya pili ya matanga, asubuhi bunduki ilikuwepo nyuma ya mlango. Mchana haipo!

Ngosha akasimama katikati ya waombolezaji.

"Mwizi hatoki mbali! Mgeni humu ndani ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Renatha.

"Amempa kaka yake, saa hizi iko njiani inakwenda Kagera! Si mlimwona kaka yake leo alivyowahi kuondoka?"

Renatha akanijia mbio, mtoto mgongoni. Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Mama, ninuse! Bunduki ile inavuja samli, aliyeibeba leo ananuka. Ninuse mikono, mama! Halafu wanuseni na wengine wote!"

Mimi nilifanya nini?

Nilisema, "Toa mikono yako usoni kwangu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikupunguza, sikuongeza.

Jioni ile Renatha akaondoka na mjukuu wangu Kokulinda, wa miaka miwili. Akavukia Kigongo kwa kivuko. Nestory mwanangu akabaki siku chache, hana raha, naye akaenda Geita kutafuta kazi machimboni. Akawa ananipigia sikukuu kwa sikukuu. "Mama hujambo, mama kwaheri."

Miaka saba!

Haya. Mwezi uliopita, Ngosha akaja nyumbani. Anakuja mara nyingi tu, anakula, anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

"Shemeji, ndege wanakumaliza. Kuna fundi mmoja wa injini za mitumbwi, anaitwa Mhoja. Anauza bunduki ya upepo, ya kizamani kama ile ya kaka."

"Kama ile?"

"Aah, si ile. Hii kitako chake ni kipya, mninga mtupu. Nzuri kweli!"

Nilikaa na wazo hilo wiki nzima. Naitaka... siitaki. Nikiangalia dagaa zangu, naitaka. Nikikumbuka ile nyingine ilivyovunja nyumba yangu, siitaki hata kuiona. Nalala nimeamua, naamka nimeghairi. Nilijichosha mwenyewe!

Dorcas akanichoka. "Bibi, unanunua au huinunui? Maana hata kunguru wanasubiri jibu."

Nikamwambia Ngosha huyo fundi ailete niione.

Mhoja akaja asubuhi pale ufukweni na mfuko wa salfeti. Ngosha alikuwa ameshafika kabla yake, kigoda na uji tayari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeitoa wapi hii?"

"Kwa mzungu mmoja, bibi. Bukoba."

Nikaigeuza. Kitako kinang'aa vanishi mpya. Chuma kimepigwa rangi nyeusi, hata pale ambapo hapakuhitaji rangi.

"Mzungu huyo alikuwa nani?"

"Ni... daktari, bibi. Musoma."

"Si ulisema Bukoba?"

Ngosha akadakia, "Shemeji, unanunua bunduki au unanunua mzungu?"

Dorcas akacheka. Mimi sikucheka.

"Kibali chake kiko wapi? Hii nayo ni silaha."

"Kibali baadaye, bibi, mambo madogo hayo," akasema Mhoja, anaangalia ziwani.

Nikawa nimeshaanza kuchoka. Kila ninalouliza, jibu linateleza kama kambale! Nikasema, "Basi. Mimi sinunui kitu nisichokijaribu. Nipe vidonge."

"Wewe bibi? Utaweza kuikunja?"

"Nimeolewa na mwenye kama hii miaka thelathini na tano. Leta!"

Nikaikunja. Springi ikalia ndani, kriii... Nikatia kidonge. Debe la Mzee bado linaning'inia kwenye mti, limejaa kutu na mashimo. Nikalenga.

PAAA!

Na hapo ndipo tulipoanzia, wanangu. Moshi. Samli!

Nikasimama nimeishika, nawaza. Kichwa kinakwenda mbio kuliko miguu yangu ilivyowahi kwenda.

Samli haikai miaka saba ndani ya chuma. Ingeshakauka, ikawa gundi. Hii ilikuwa mbichi! Ilitiwa juzi, au leo asubuhi. Mtu ametaka ipige vizuri mbele yangu, akaitunza kama alivyofundishwa.

Na nani alifundishwa na Mzee Mayala?

"Mhoja," nikasema taratibu, "wewe una ng'ombe?"

"Sina, bibi. Mimi ni fundi tu."

"Ndani ya hii unatia nini?"

Mhoja akamwangalia Ngosha. "Natia... oili. Oili ya pikipiki."

"Lete mikono yako."

"Ya nini, bibi?"

"Lete!"

Akanyoosha. Nikainusa. Petroli na sabuni ya unga.

Nikamgeukia shemeji yangu. "Haya, na wewe Ngosha. Nipe mikono."

Jamani... mwanaume wa miaka sitini na kitu aliingiza mikono yote mfukoni kama mtoto aliyelamba sukari!

"Acha utoto, shemeji."

"Nipe mikono ninuse."

"Mbele za watu unanidhalilisha?"

"Renatha alinipa yake mbele za watu!"

Dorcas aliacha kugeuza dagaa. Kunguru wakashuka, wakaanza kula, hakuna aliyewafukuza.

Mhoja akavunjika wa kwanza. "Bibi, mimi nisamehe! Mzungu hayupo. Mzee Ngosha ndiye aliyenipa. Kitako nimechonga mimi kwa sababu cha zamani kilikuwa na jina limechorwa kwa moto."

"Jina gani?"

"Mayala."

Wanangu, nilitaka kulia, hasira ikatangulia.

"Ngosha! Kwa nini?"

Akasimama. Badala ya kuomba radhi, akapandisha sauti!

"Kaka yangu alitaka kumpa bunduki ya ukoo mwanamke! Tena Mhaya! Mimi mdogo wake tumbo moja nimekaa pale mlangoni, hanioni! Ungekuwa wewe?"

"Umeitumia?"

"Nitaitumiaje? Imekaa kwenye kihenge miaka saba! Nikiipiga watu watasikia. Kazi yangu ni kuipaka samli tu na kuifunika mahindi. Nimechoka nayo!"

Mnaona? Aliiba kitu asichoweza kukitumia, akakitunza vizuri, halafu akaja kumuuzia aliyemwibia, kwa sababu yeye ndiye mteja pekee aliyemjua mwenye shida ya ndege.

"Toka kwenye kigoda changu," nikamwambia.

"Shemeji..."

"Na bakuli la uji uache."

Mchana ule nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa kituoni, tukaikabidhi bunduki na maelezo yote. Mengine ni ya polisi na Ngosha. Nikaambiwa kama mrithi anaitaka, aje aombe kibali kwa jina lake.

Hela niliyoweka ya kununulia bunduki nikaifanya nauli.

Nestory aliwahi kuniambia Renatha yuko Sengerema, anauza ndizi sokoni. Siku hizi Kigongo kuna daraja. Pale alipopanda kivuko na mtoto mgongoni, akingoja foleni kwa machozi, mimi nimepita juu ya maji yale yale kabla sijamaliza kufunga kanga yangu vizuri. Nilitazama chini nikasema moyoni, kumbe ni hapa tu palipotutenga? Hapa tu?

Nikamkuta. Amenenepa kidogo. Binti mrefu anapanga mikungu pembeni yake, pua ya Mzee Mayala haina mjadala.

"Shikamoo mama," akasema Renatha. Hakushtuka. Kama aliyekuwa ananitarajia kila siku ya soko.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Moshi, samli, mikono mfukoni, mpaka kibali cha polisi anachotakiwa kuomba kwa jina lake. Akawa anapanga ndizi huku anasikiliza, hanitazami.

Nilipomaliza nikasema, "Nipe mikono yako, mwanangu. Niinuse."

Akaacha kupanga. Akaiangalia mikono yake mwenyewe. Akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo sitamani kuliona tena.

"Leo inanuka ndizi mbivu, mama," akasema. "Ungeinusa siku ile."

Wanangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Hakuna kaburi lililonichoma kama neno lile.

Akanivutia ndoo, akaifuta kwa kanga. "Kaa, jua kali." Kisha akamwita binti. "Koku, msalimie bibi."

"Shikamoo bibi," mtoto akasema, kwa adabu, kama anavyomsalimia bibi yeyote anayepita sokoni. Hajui kwamba mimi ni bibi yake kweli.

Nilinunua mkungu mmoja nisiouhitaji, nikarudi.

Sasa niwaambie nilichojifunza, ninyi mnaonisoma huku mmeshika simu. Mwizi wangu alichukua bunduki tu. Mkwe na mjukuu niliwapoteza mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu uvivu wa kuinamisha pua dakika moja ulinishinda. Mtu akikunyooshea mikono yake mbele za watu, akakuomba umchunguze, mchunguze! Usiangalie ametoka wapi wala nani anapiga kelele zaidi. Na anayepiga kelele zaidi, anza na huyo.

Renatha hajarudi. Sijamwomba arudi, sina uso huo.

Bunduki iko kituoni. Mimi sasa nalipiga debe kwa rungu, mkono unauma, yangeyange wanarudi baada ya dakika tano. Dorcas bado anacheka.

Ila Jumamosi simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mama, hujambo? Ni Renatha."

"Sijambo, mwanangu! Habari za huko?"

"Nzuri." Nikasikia soko nyuma yake. "Mama... hicho kibali, fomu zake zinachukuliwa wapi?"