Basi Lililorudi Limefagiliwa

Basi la manjano la Shule ya Romero, nje kidogo ya mji wa Merced, liliibwa alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limerudi mahali pake, limefagiliwa, na tangi limejaa dizeli. Mwizi wa aina hiyo Inspekta Lurdes Avila hakuwahi kumkamata. Angempata, angempa na gari lake mwenyewe alifagie.

Chini ya kiti aliokota sarafu ya fedha iliyotobolewa, uzi mwekundu ungali umo. Hakuhitaji maabara. Wahmong, wahamiaji wenye asili ya milima ya Asia, hushona sarafu hizo kwenye nguo za Mwaka Mpya wao, na sikukuu ilikuwa leo.

Simu ikalia. Alikuwa mumewe.

"Mwanetu Mateus kang'olewa jino. Shule wamempa ruhusa leo."

"Sawa, apumzike."

Avila alimkuta dereva wa basi hilo, Nhia Thao, kwenye viwanja vya sikukuu, akila saladi ya papai.

"Mzee Thao, leo uko likizo?"

"Tangu jana."

"Nani kaendesha basi?"

"Mwizi."

"Mwizi anayefagia?"

"Wezi wa siku hizi wana adabu, mwanangu."

Avila akamwekea sarafu kiganjani. Mzee akaitazama, akaacha kutafuna.

"Ya mjukuu wangu, Pakou. Ni mimi, Inspekta."

"Kwa nini?"

"Watoto wetu wote leo wana ruhusa. Lakini jimbo haliilipi shule kwa ruhusa. Linalipa kwa mtoto aliyeingia darasani, hata kipindi kimoja. Mwaka jana baada ya sikukuu fedha zilipungua, mwalimu wa muziki akaondolewa. Sasa ni zamu ya Bi. Coelho, anayewafundisha wenye kigugumizi. Pakou alikuwa hasemi na mtu. Leo anaimba mbele ya watu." Akairudisha sarafu kwa Avila. "Nikawapitia majumbani, wakasoma kipindi cha kwanza na nguo zao za sikukuu, nikawarudisha."

"Si ungemwomba Mkuu?"

"Angesema niko likizo. Na ni kweli."

Mkuu wa shule, Bi. Bettencourt, alikuwa kituo cha polisi tangu asubuhi akiandikisha wizi. Avila akampigia, akamweleza.

"Waliingia darasani?"

"Wote."

Bi. Bettencourt alicheka mpaka akakohoa. "Basi hilo halikuibwa, Inspekta. Futa maelezo yangu."

Avila alibaki kumsikiliza Pakou. Mtoto alikwama mara moja, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaendelea mpaka mwisho. Avila akapiga makofi, akatoa simu. Akampigia mumewe.

"Mvalishe Mateus viatu."

"Si ana ruhusa?"

"Ruhusa haimlipi mwalimu. Kipindi cha mwisho bado hakijaanza. Aende hivyo hivyo na shavu lake lililovimba."