Sauti ya Tatu Kifuani mwa Byron

"Umesikia nini?" Daktari Mokeira aliuliza.

Rispa, mwanafunzi wa udaktari hapa Migori, akaondoa stethoskopu kifuani mwa mgonjwa.

"Moyo wa kawaida tu, daktari."

"Wa kawaida? Sikiliza tena."

Akasikiliza. Du, dup, kisha kasauti kazito kakafuata nyuma.

"Hako ka mwisho je?"

"Hako si huwa kapo?"

"Kwa nani? Za kawaida ni mbili, milango ya moyo ikijifunga. Ya tatu kwa mtoto si neno. Kwa mtu mzima anayehema na kuvimba miguu, ni moyo umelemewa. Nani alikwambia huwa kapo?"

Nani? Jamani, ni kifua cha Byron. Wenzake walipokuwa wakipimana darasani, Rispa alijifunzia kifuani mwa mpenzi wake kila Jumapili, mpaka sauti ile ikamkaa masikioni. Asipoisikia kwa watu wengine, alidhani hajasikiliza vizuri.

Na Byron huyo Rispa alimwacha juzi tu. Kwao Rispa, kule Suna, walichinja kuku, wajomba wakakaa kumsubiri mkwe, mkwe hakutokea. Byron akatuma ujumbe:

"Jaber wangu, mrembo wangu, nimeshindwa kupanda kilima cha kwenu. Nahema sana. Tupange siku nyingine."

Rispa, aibu na hasira zimemjaa, akajibu:

"Moyo wako niliupima mwenyewe. Huna ugonjwa, huna mapenzi. Usinitafute tena."

Sasa alitoka mbio wodini, akampigia Byron simu. Akapokea Dorine, dada yake Byron.

"Dorine, nipe Byron tafadhali."

"Leo ndio umemkumbuka? Tuko naye wodini, Homa Bay. Hali si nzuri."

"Mbona hamkuniambia?"

"Si ulisema usitafutwe?"

Rispa alikata simu. Alivua koti jeupe, akaenda stendi.

Alimkuta Byron ameegemezwa mito, maana akilala chali anakosa pumzi. Miguu imevimba, macho yameingia ndani. Alipomwona Rispa akatabasamu, na tabasamu hilo lilimuumiza kuliko tusi.

"Umekuja, jaber."

"Kwa nini hukwenda hospitali mapema?"

"Mama alinisukuma sana. Nikamwambia daktari wangu amenipima, niko sawa."

"Byron..."

"Nikajiona mvivu tu. Nilikuamini wewe kuliko kifua changu."

Rispa alipiga magoti pale sakafuni, akalia bila kujali wagonjwa wanaomtazama.

"Hiyo sauti niliisikia tangu mwanzo. Niliizoea, nikaipenda, nikadhani kila mtu anayo. Halafu nikakutukana nayo. Nisamehe."

Byron alihema kwanza ndipo akapata maneno.

"Wanasema dawa zitasaidia kiasi. Kupona kabisa, hawaahidi."

"Ungekuja mapema wangeahidi."

"Labda."

Neno hilo moja lilimkata maini. Kwa mazoea akainama, akapeleka sikio kifuani kwake kama Jumapili zile. Byron akamzuia kwa kiganja, taratibu.

"Hapana, Rispa. Kunipima waachie wengine."

Rispa akarudi nyuma, akafuta uso kwa leso, akasimama aende zake. Byron akajivuta ukingoni mwa kitanda, kwa taabu, akamwachia nafasi ya kukaa.

"Sijasema uende," akamwambia. "Kaa hapa unishike mkono."