Majina Manne Milangoni mwa Malori

Kwetu Ijumaa ni samaki wa kukaanga, kuwe na theluji, kusiwe na theluji. Ijumaa hiyo nilikuwa nakaanga huku mafundi wakigonga misumari juu ya kichwa changu. Nilifurahi. Miaka miwili tulikinga mvua kwa masufuria sebuleni. Sasa tulikuwa tunaezekewa paa jipya.

Mume wangu, Gus, alikuwa mezani na kahawa yake. Jirani yetu Bernadette akaingia na saladi ya kabichi. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya duka la mbao. Karatasi haimpiti.

"Gus, umeweka kikombe juu ya nini?"

"Matangazo tu. Kampuni ya vigae. Hata siijui."

Bernadette akanyanyua kikombe, akaisoma barua. Ilikuwa na duara la kahawa katikati.

"Matangazo gani! Hawa ndio walioleta vigae vya paa lenu. Wanasema wasipolipwa, wataidai nyumba hii."

"Waidai nyumba?" Mwiko ulinitoka mkononi. "Tulishampa Lyle nusu ya fedha!"

"Mmempa Lyle. Je, Lyle amewapa wao?"

Lyle ndiye mkandarasi wetu. Nyumba hii tumeilipia benki miaka ishirini na sita, mimi kwa upishi wa shule, Gus kwa kazi ya kiwanda cha jibini. Tulimaliza mwezi wa tatu tu.

"Sheria iko hivi," Bernadette akasema. "Aliyeleta vifaa au jasho lake kwenye nyumba yako, asipolipwa, anaweza kuandikisha dai juu ya nyumba. Hata kama mkandarasi ulishamlipa. Kuuza nyumba yenye dai ni shida. Mahakama inaweza hata kuamuru iuzwe. Mwishowe unalipia paa moja mara mbili."

"Thubutu! Mara mbili silipii hata samaki."

"Basi usitoe hundi ya mwisho bila hati ya kuachilia dai. Kila mmoja aandike kwamba akishapata fedha zake, hana dai tena juu ya nyumba hii. Aweke sahihi. Si Lyle peke yake. Kila mmoja."

Gus akajikuna shingo. "Lyle ni rafiki yangu. Tunacheza timu moja. Nitamtazamaje?"

"Kwa macho," nikamwambia. "Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Lakini hao wote nitawajuaje?" nikamuuliza Bernadette.

"Malori yana majina milangoni. Andika."

Nikaandika kwenye kalenda ya jikoni. Yaliyokuja siku za nyuma Gus aliyakumbuka. Yalikuwa manne: la Lyle mwenyewe, la mafundi wa kuezeka, la mbao na la vigae. Kisha nikawapigia simu watu wa vigae. Walikuwa wanadai dola elfu sita na mia nne. Hawakuwa wameona hata senti moja.

Nikamwagiza Lyle alete hati za wote wanne. Kazi ilipokwisha, akaja na tabasamu lake.

"Shemeji! Paa hilo, linang'aa. Nipe changu nikuache upumzike."

"Hati ziko wapi?"

Akanipa tatu. Nikatazama kalenda.

"Ya vigae iko wapi?"

"Aa, hao nitawamalizia Jumatatu. Kwani huniamini, shemeji?"

"Ushemeji hauezeki paa, Lyle."

Akawa mwekundu. "Gus, hebu mwambie mkeo!"

Gus alitazama dari. Niliogopa, sifichi. Nilijua anavyompenda rafiki yake.

"Nimeshamwambia," Gus akasema polepole. "Nimemwambia asikupe."

"Nitawashtaki!"

"Tushtaki," nikamjibu. "Fedha sijakunyima. Kwanza, hundi hii ya elfu sita na mia nne. Ina majina mawili, lako na la kampuni ya vigae. Huwezi kutoa fedha zake benki peke yako, na wao pia hawawezi. Wapelekee, waweke sahihi kwenye hati yao, uniletee. Siku hiyo utapata iliyobaki."

"Hayo nani amekufundisha?"

"Mwenye nyumba," Bernadette, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, akajibu kutoka mlangoni, "hahitaji kufundishwa kuilinda nyumba yake." Mwongo huyo! Alikuwa amenifundisha kila neno.

Lyle akachukua hundi, akaondoka akiubamiza mlango. Jumanne akarudi na hati ya nne, imewekwa sahihi. Niliisoma mara mbili, nikapiga simu kwa watu wa vigae kuhakikisha, kisha nikampa hundi yake. Hakuniita shemeji.

Jioni mvua ikanyesha, nzito kabisa. Tukakaa sebuleni kuisikiliza. Hakuna tone lililoanguka. Gus akashika kikombe cha kahawa, akatafuta pa kukiweka mezani, penye hati zote nne.

"Gus!"

"Nimeona, mke wangu, nimeona," akasema, na kikombe akakishika mkononi mpaka kahawa ikaisha.