Maktaba Mbili Katika Kompyuta Moja

Kila asubuhi saa tatu Ntinyari alipima mvua iliyoingia kwenye kipimo nyuma ya darasa, akaandika milimita ubaoni. Jioni, baada ya masomo, alikutana na Mutegi katika chumba cha kompyuta cha shule yao karibu na Githongo. Walikuwa wakiandika programu ya kuwaonyesha wakulima mwenendo wa mvua. Ijumaa ingeonyeshwa Meru mjini, kwenye mashindano.

Sasa ilikuwa Jumatano, na tangu Jumatatu programu ilikuwa imegoma kama punda wa soko la Nkubu. Kila walipoiagiza kompyuta igeuze maandishi yao kuwa programu kamili, ilifanya kazi kidogo, ikakatika, ikamwaga orodha ya makosa. Mutegi alikuwa amerudia sehemu yake mara tatu, na macho yalimvimba.

"Mimi nimechoka, Ntinyari," alisema, akilaza kichwa mezani. "Ni kazi yangu ndiyo mbovu. Si tujiondoe tu?"

Ntinyari naye alikuwa amechoka, lakini aibu ilimlemea kuliko uchovu. Ijumaa iliyopita, akiwa peke yake, aliingiza maktaba mpya, yaani furushi la maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa na wengine, kutoka kwenye flashi ya binamu yake, ili grafu ipendeze kwa rangi. Sheria ya chumba hicho ilikuwa moja: unachoongeza, andika katika daftari lililofungwa kwa kamba mezani. Yeye hakuandika neno.

Mwalimu Kathuri aliingia na rundo la vitabu vya kusahihisha. "Bado mko hapa?"

"Mwalimu, ni mimi," Ntinyari alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliweka maktaba ya grafu, na sikuandika."

Mwalimu alivuta kiti, akachungulia. "Kumbe! Ya zamani ilikuwepo tayari, na sasa ziko mbili. Kompyuta inasoma maelekezo ya hii mpya, halafu inaunganisha na ile ya zamani. Ni kama kuchukua kifuniko cha mtungi mpya, ufunge mtungi wa zamani. Utakaza mpaka kesho, hakitafunga."

Waliiondoa ile mpya, wakafuta mabaki yake, wakaanza upya. Dakika kumi baadaye grafu ya mvua ilijitokeza, nyeusi na nyeupe, bila kosa hata moja.

Mutegi hakushangilia. "Siku tatu," alisema polepole. "Siku tatu nimejiona mjinga."

"Nisamehe, Mutegi. Ijumaa wewe ndiye utakayezungumza mbele ya watu, badala yangu. Mimi nitabonyeza vitufe tu."

Mutegi alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Kathuri alimsogezea Ntinyari lile daftari na kalamu. "Maktaba tumeiondoa kwa dakika kumi," alisema. "Siku tatu za mwenzako hatuwezi kuziondoa. Kukosea si dhambi, mwanangu. Lakini kosa ukilificha, haliondoki. Anabebeshwa mtu mwingine."