Dizeli Lita Kumi na Mbili

ALKHAMISI, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma cha fundi majiko, Vikokotoni. Mlango umefungwa. Joto la kukata roho. Mmanga, mkubwa wa genge, alichora njia kwa mkaa juu ya kipande cha boksi.

"Jenereta liko Chwaka, kwenye hoteli inayojengwa. Liko juu ya tela lake. Kesho Ijumaa, walinzi wote msikitini. Usi, unalivuta mpaka Mkokotoni. Boti inasubiri."

"Kilomita hamsini," alisema Usi, mwenye pikapu. "Na dizeli?"

Hapo ndipo penye kazi. Wiki ya pili sasa kisiwa kizima kinalia dizeli. Vituoni foleni, na kwenye foleni macho. Mmanga alikuwa na lita kumi na mbili, basi.

"Zinatosha," Usi akajibu. "Nkienda kwa akili."

Silima akacheka. Huyu ni mdogo wake Usi, tumbo moja, mwaka wa tatu yumo kwenye genge. "Kaka anaendesha kama kapakia bibi harusi!"

"Cheka. Tela zito ukilikimbiza, lita moja inakupa kilomita tatu. Ukilivuta taratibu, tano. Mipira ya magurudumu ijae upepo. Mzigo ukae juu ya ekseli, usiegemee nyuma. Turubai lifungwe, likipepea linakula mafuta. Na mguu mwepesi."

Usi hakuwa jambazi. Alikuwa dereva wa mchanga na mawe, na alikuja kwa jambo moja tu.

"Nkifikisha, Silima anatoka. Humwiti tena."

Mmanga akaweka mkono kifuani. "Ahadi ni deni."

Mjinga Usi! Kumwamini Mmanga ni kumwachia paka kitoweo.

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA ARUBAINI MCHANA

Hotelini kimya. Silima alikata mnyororo, wakafunga tela nyuma ya pikapu ya Usi. Mshale wa mafuta wa pikapu ile ulikufa zamani. Usi huhesabu kwa madumu.

"Ushajaza?"

"Nshajaza, kaka. Zote kumi na mbili."

Silima akapanda Vespa, akatangulia Kinyasini. Mmanga alikuwa huko na kenta, akiangalia njia.

Usi alikwenda arubaini kwa saa, hazidishi. Akiona mteremko, anaachia pedeli mapema. Akiona kilima, anakikusanyia mwendo tangu chini. Alikuwa akiona raha, astaghafirullah, raha ya mtu anayeijua kazi yake.

SAA SABA NA NUSU

Mbele, jeneza. Watu wametoka kuswali, wamelibeba mabegani. Na jeneza halipitwi, hata na mwizi. Usi akapunguza. Mzee mmoja mwenye kanzu akamwinulia mkono.

"Asalaam alaykum. Tunazika kijiji cha mbele, wazee wengine miguu hatuna. Tupakie, mwanangu."

"Waalaykumu salaam. Shikamooni. Pandeni."

Angesema nini? Wakapanda kumi. Kilomita nne nzima, gia ya kwanza na ya pili, nyuma ya maiti. Lita moja ya ziada ikaenda. Haidhuru, akajisemea, ya akiba ipo.

"Mungu akulipe. Jina lako nani?"

"Usi."

Jamani! Mwizi gani hutaja jina lake?

SAA NANE NA ROBO

Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Kinyasini bado. Usi akapiga simu, kenta ikarudi mbio kuja kumchukua.

Alipokuwa akiingoja, alihesabu. Kilomita thelathini na tano, lita saba. Maziko, moja. Nane. Basi nne ziko wapi? Akahesabu tena, akitamani akosee. Aliyeshika dumu ni mtu mmoja tu.

Mmanga na Silima wakashuka. Bila ya salamu wakafungua tela, wakalifunga kwenye kenta.

"Silima. Ulitia nane."

Silima hakumtazama. "Nne ziko kwenye kenta. Haikuwa na kitu."

"Mlijua ntazima."

"Si wewe uliyetupigia hesabu?" Mmanga alisema. "Ila nlitegemea utazima mbele kidogo. Polisi wanataka mwizi, Usi, na pikapu yako kila mtu kaiona."

"Na ahadi? Silima atoke?"

"Muulize mwenyewe."

"Nani kakwambia nnataka kutoka?" Silima alipiga kelele. "Tangu mama afe unanpangia maisha! Ushaniuliza hata siku moja?"

Lile lilimuuma Usi kuliko dizeli, kuliko polisi. Silima akashika usukani wa kenta, akakanyaga mpaka chini. Turubai nyuma limelegea, linapiga upepo.

SAA NANE NA DAKIKA ARUBAINI

Walinzi walitoka msikitini, wakapiga simu, na polisi walikuja moja kwa moja. Walishauliza mazikoni, na wazee walimsifu sana: Usi, mtu wa heshima, ana pikapu na tela.

"Jenereta liko wapi? Ulikuwa na nani?" sajini aliuliza.

Angeweza kunyamaza. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Mmanga. Na Silima Ame. Ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Kenta nyeupe, njia ya Mkokotoni."

Askari wakakimbilia gari lao.

"Msikimbie," Usi alisema. "Walikuwa na lita nne, na nyengine wamezichoma kunifuata huku. Zimebaki kilomita kumi na tano. Kwa mguu wangu wangefika. Silima hajui kwenda taratibu. Nendeni tu, mtamkuta kakaa njiani."

Sajini akamfunga pingu.