Mtoto Njiti na Bilumu ya Nokowe

Asubuhi hiyo Nokowe aliamka kabla ya kuku, kama kawaida yake. Alichochea moto, akafukia viazi vitamu kwenye majivu, kisha akaenda kumtazama mjukuu wake. Mtoto alikuwa ndani ya bilumu, mkoba wa nyuzi uliotundikwa kwenye nguzo karibu na moto. Nokowe aliusuka kwa mkono wake kwa miezi mitano, nyuzi nyekundu na nyeusi. Kwao Goroka, huko milimani, mtoto hulala kwenye bilumu. Yeye mwenyewe alilala humo. Mwanawe Aivo alilala humo.

Ila huyu mjukuu alikuwa njiti. Alizaliwa wiki saba kabla ya siku zake, akakaa hospitali wiki tatu. Aliporuhusiwa Jumatano iliyopita alikuwa na kilo moja na gramu mia nane. Viazi viwili vikubwa vya soko la Goroka vingemshinda uzito.

Lusi, mke wa Aivo, alimtoa mtoto akamnyonyesha. Kisha akamkamulia maziwa mengine kwenye kikombe kidogo, akamnywesha yote.

"Mrudishe kwenye bilumu, apate joto," alisema Nokowe.

Lusi akamrudisha. Haikupita muda, maziwa yakamwagika mdomoni na puani. Mtoto akakunja uso, akakohoa, akalia kilio chembamba.

"Mama, amecheua tena! Yote yametoka!"

"Basi tumbo ni tupu. Mjaze tena."

"Nimemjaza mara tatu tangu alfajiri, mama. Kila nikimjaza anamwaga."

Nokowe alimfuta mtoto maziwa puani. Kabla ya Aivo, alizaa mtoto mwingine mdogo namna hii. Huyo hakumaliza mwezi, na Nokowe hakumtaja kwa mtu kwa miaka thelathini. Sasa aliogopa kama vile ni jana.

Saa nne alifika Sista Monika, muuguzi wa zahanati, jirani yao wa ng'ambo ya kijito. Alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. Alimpima mtoto joto, akasikiliza anavyopumua, akamtundika kwenye mizani kwa kitambaa chake.

"Kilo moja na mia nane. Vilevile kama wiki iliyopita."

"Si hajapungua?" aliuliza Aivo.

"Aivo, mtoto wa umri huu hatakiwi kusimama palepale. Anatakiwa kupanda. Leo anapumua vizuri na ananyonya. Maziwa anayocheua ni meupe, siyo ya kijani wala ya damu. Kwa hiyo tutajaribu hapa nyumbani, na nitapita kila siku. Jumatano ijayo tunapima. Asipopanda, tunarudi hospitali."

Lusi alianza kulia. "Kosa langu. Sijui kumlisha."

"Hebu acha," alisema Sista Monika. "Mimi nimeona akina mama wengi. Unakamua maziwa, unaosha kikombe na kukichemsha, unaamka kila saa. Unajua ni wangapi wangeweza? Wewe nakuvulia kofia. Sasa nionyeshe mnavyofanya baada ya kumlisha."

Lusi alimnyonyesha, kisha akamlaza kwenye bilumu. Sista alichungulia ndani.

"Mama Nokowe, bilumu hii ni nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu."

"Najua," alisema Nokowe.

"Magoti ya mtoto yako wapi?"

Nokowe aliangalia. Magoti yalikuwa yamebana tumbo. Kidevu kilikuwa kifuani.

"Si amejikunja? Hata tumboni mwa mama yake alikuwa amejikunja hivyohivyo."

"Tumboni hakuwa akinywa maziwa, mama. Wewe ukishiba viazi, ukainama kung'oa magugu, inakuwaje?"

"Vinanipanda kooni."

"Basi na yeye maziwa yanampanda. Juu ya tumbo kuna kama mlango. Kwa njiti mlango huo bado ni mlegevu. Tumbo likibanwa, au likijazwa kupita kiasi, maziwa yanarudi. Na kidevu kikikandamiza kifua, hata pumzi inapita kwa shida. Na huu moshi wa hapa motoni unamkohoza."

Nokowe hakupenda. "Watoto wote wa hapa wamelala kwenye bilumu. Aivo huyo hapo, ng'ombe mzima."

"Aivo alizaliwa na miezi tisa na mashavu. Huyu bado. Bilumu itamngoja."

Sista alifungua kiganja cha mtoto, kisha akakikunja taratibu. "Lusi, ona ngumi yake. Tumbo lake ni dogo namna hii. Mpe kidogo, kila baada ya saa mbili, hata kama amelala mwamshe. Mpumzishe katikati, mpigepige mgongo abeue hewa. Akicheua, usimjaze upya papo hapo. Ngoja zamu yake. Na asipewe maji, wala supu, wala kitu kingine. Maziwa yako tu."

"Na baridi je? Usiku hapa meno yanagongana," alisema Aivo.

"Ndiyo maana una kifua. Vua shati."

"Mimi?"

"Wewe, na Lusi, na bibi. Mtoto abaki na nepi na kofia, akae wima kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Kichwa kigeukie upande, pua iwe wazi. Kila akimaliza kunywa akae hivyo nusu saa. Akienda kulala peke yake, alale chali, pahali tambarare na pagumu, bila mto."

Kabla ya kuondoka alirudia mara mbili: "Akitapika kijani au damu, akikataa kunyonya, akilegea, akipoa au kupata joto, au akibadilika rangi na pumzi kukatika, msiningoje mimi. Kimbieni hospitali."

Wiki hiyo Aivo alichambua kahawa uani akiwa na mtoto kifuani. Wenzake hawakumwacha.

"Aivo! Umeota ziwa lini?"

"Tangu nione lako, Hanko. Nyamaza, utamwamsha."

Nokowe alicheka hadi akashika mbavu. Kimoyomoyo alijivunia mwanawe kuliko siku aliyoleta nguruwe wa mahari. Na Lusi ndiye aliyemshangaza zaidi. Msichana yule mwembamba alihesabu saa mbili mbili bila kukosa, akalisha kwa utulivu, tone kwa tone, wala hakulalamika.

Siku ya tatu Lusi alilala akiwa ameketi, kikombe mkononi. Nokowe alimchukua mtoto. Akafungua blauzi yake, akamweka wima kwenye kifua chake kikavu. Mtoto alibeua kwa sauti. Halikutoka hata tone la maziwa. Akalala.

Sista Monika alimkuta hivyo, machozi yanamtiririka.

"Wangu wa kwanza alikuwa kama huyu," alisema Nokowe. "Nilimlaza kwenye bilumu, karibu na moto. Nilidhani namtunza."

Sista alikaa chini kando yake. "Ulimtunza kwa ulichojua, mama. Hakuna aliyekuambia. Na hatujui kilichomchukua."

"Huyu sasa nimeambiwa," alisema Nokowe, akamfunika vizuri.

Jumatano ikafika. Mtoto alikuwa bado anacheua kidogo, lakini halii tena, na nepi zake zilikuwa zinalowa mara nyingi. Sista alitundika mizani kwenye boriti, akapekua begi lake.

"Jamani, kile kitambaa cha kupimia nimekisahau kwenye kamba ya nguo."

Nokowe aliingia ndani, akarudi na bilumu yake. Aliitundika kwenye mizani mwenyewe. Sista akarudisha mshale kwenye sifuri.

"Ni dakika moja tu," alisema Nokowe kwa ukali, kana kwamba kuna mtu aliyebisha. "Magoti yasibane tumbo."

Lusi akamweka mtoto. Bilumu ikashuka kidogo, ikatulia. Aivo aliziba macho. Mshale ulipita mia nane, ukapita mia tisa, ukasimama.

"Kilo mbili," alisema Sista Monika.

Lusi alipiga kelele. Aivo alimkumbatia mtu wa karibu, akakuta ni Hanko. Nokowe hakupiga kelele. Alikuwa ameshamtoa mjukuu wake kwenye bilumu, anafungua vifungo vya blauzi.

"Dakika imekwisha," alisema. "Njoo kwa bibi."